Usiku Unaoanza Asubuhi

Nyumbani kwetu Queensburgh usiku ulikuwa unaanza saa moja asubuhi. Peguy, mjukuu wangu, alimaliza chai, akavaa viatu vya kazi, akazima taa ya chumba cha nyuma, akafunga mlango na kubana blanketi lililokunjwa pale chini kama mtu anayezuia panya. Kisha akaniambia, "Koko, usiku mwema," na jua linanipiga machoni, akaenda kukamata taxi ya mjini, kwenye duka ambako anatengeneza simu za watu. Kila siku ilikuwa hivyo. Mimi nikabaki mchana kutwa kulinda giza.

Mimi ni mtu wa Fizi, kule Kongo. Utotoni mwangu giza lilikuwa bure. Lilikuja lenyewe, hakuna aliyeliita, na sisi tulilifukuza kwa koroboi na moto wa kuni. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tulikaa miaka tukimwomba Mungu taa, na Mungu alikuwa na kazi nyingine. Mwisho tukafika Durban, nchi ambako ukigusa ukuta kunawaka, na mjukuu wangu akaenda duka la vifaa vya ujenzi akanunua giza. Kweli linauzwa, tena kwa mita: plastiki nyeusi upande mmoja, nyeupe upande wa pili. Akaligongomea dirishani, akaziba pembe zote na tepu, akajifungia ndani. Nikamsikia anapiga kelele: "Koko! Naona mkono wangu!"

Nikafurahi. Nikajua kazi imekwisha. Kumbe kuona mkono ilikuwa vibaya. Akaongeza plastiki.

Ndani ya chumba hicho ilikuwa miti minne ya bangi. Nasema wazi, maana mahakama kubwa ya nchi hii ilishasema wazi: mtu mzima apande yake kwake, avute yake kwake, asiuze. Peguy alinisomea habari hiyo kwenye simu, mbele ya sahani ya ugali, kwa sauti ya mtu anayesoma Zaburi. Nikamuuliza kama kanisa letu nalo limeipata hiyo habari. Akasema, "Koko, taratibu."

Miti miwili ilikuwa yake. Miwili ilikuwa ya Dominiki, mume wa dada yake Larissa. Dominiki anaendesha lori la makontena bandarini, na Jumapili anaimba sauti ya chini kwenye kwaya, sauti nzuri inayotikisa benchi. Kwake hawezi kupanda kitu, kwa sababu anaishi na mama yake. Mama Dominiki ni prezidente wa waombezi. Ni mwanamke anayeweza kunusa dhambi kupitia ukuta wa matofali, isipokuwa dhambi ya mtoto wake. Kwa hiyo wale vijana wawili walinifunga mdomo: Koko, usimwambie mtu hata mmoja iko nini mle ndani. Nikasema sawa. Sivuti, siuzi, sipandi. Mimi nilipewa giza tu.

Lakini hilo giza nilitaka kulielewa. Jioni moja nikauliza, tukiwa mezani na Kiprono, kijana Mkenya anayepanga chumba chetu cha mbele na kusoma chuo kule Westville; siri hiyo naye alikuwa nayo. Huyo ananiita Gogo, yaani bibi. Anasema kwao Wakalenjin ni hivyo hivyo kama kwa Wazulu, hakuna cha kujifunza.

"Peguy," nikasema, "mbona miti yako haitaki hata tone la mwanga? Sisi binadamu tunalala na mwezi dirishani."

Akaweka kijiko chini. Akanieleza kwamba mti wa kike unahesabu urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu, unajua wakati wa maua umefika. Ukipigwa na taa katikati ya usingizi, unachanganyikiwa. Unaweza kutoa maua ya kiume juu ya mwili wake mwenyewe, ukajipa mimba, ukajaa mbegu, na kazi yote ikaharibika.

"Kwa kuamshwa tu?"

"Kwa kuamshwa, Koko."

"Mimi nilikaa na babu yenu miaka thelathini, ananiamsha usiku kuuliza kiberiti kiko wapi. Sasa naelewa kwa nini nimeota ndevu."

Kiprono akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Lakini hapo Peguy anazidisha. Mwezi hauna nguvu, Gogo. Shida ni taa kubwa, tena kila usiku. Mtu akifungua mlango mara moja, mmea hata haujali."

"Umepanda mingapi?" Peguy akamuuliza.

"Mimi? Hakuna. Nimesoma tu."

"Basi soma kimya."

Nikawaambia kwamba kwetu Fizi bangi iliota nyuma ya jiko. Mwezi uliiona, vimulimuli waliiona, moto wa jirani uliiona, na wazee waliivuta wakacheka vizuri tu. Nani aliifunika? Peguy akasema ile ya Fizi ilijaa mbegu. Nikamjibu ndiyo, ilijaa mbegu, na ndiyo sababu mwaka uliofuata iliota tena bila mtu kwenda dukani. Hakupenda hiyo. Akasema yeye hawezi kujaribu bahati, giza litakuwa giza kamili, na usiku wa miti utakuwa mchana wetu, kwa sababu taa zake zina joto na mchana wa Durban tayari ni sufuria. Jioni anarudi, anawasha, anaikagua, anaongea nayo. Asubuhi anazima. Basi.

Wakati huo Larissa alikuwa na mimba ya kwanza, na hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa, si kwenye plastiki.

Kwetu mtoto akizaliwa, anayemwogesha ni bibi wa upande wa mama. Anaketi chini, ananyosha miguu, mtoto juu ya miguu. Maji ya uvuguvugu, mafuta ya mawese mkononi, anavuta mikono na miguu ya mtoto ijue kazi, anamrusha juu kidogo asikue mwoga. Larissa na Peguy niliwaogesha hivyo mimi. Mama yao niliyemzaa nilimwogesha mimi, na yeye alibaki Nyarugusu chini ya udongo, kwa hiyo bibi wa upande wa mama, nikihesabu vizuri, ni mimi peke yangu. Mtu akizeeka kazi zinamtoka moja moja. Kwanza wanakunyang'anya ndoo, halafu sufuria kubwa, halafu wanakuambia kaa, Koko, pumzika. Hii moja ilikuwa imebaki, na niliitaka.

Mama Dominiki pia aliitaka. Yeye ni wa Bukavu, na alisema kwao anayeogesha ni upande wa baba. Sijui kama ilikuwa kweli siku zote au ilianza kuwa kweli mwaka ule.

Larissa alimwambia kwa adabu: "Mama, Koko ndiye ataogesha." Ikawa imekwisha. Ningekuwa mtu wa kukaa mbali na chumba cha nyuma, ingebaki imekwisha.

Siku hiyo jua lilikuwa la kupasua. Peguy alikuwa ameniomba niwe naingia mara moja kila mchana kusikiliza kama feni inazunguka, maana umeme wetu nao una tabia zake. Alinipa taa ndogo ya kufunga kwenye paji la uso, yenye mwanga wa kijani. Alisema miti haioni kijani, kwao ni kama giza.

"Haioni kijani, na yenyewe ni kijani?"

"Koko, ndivyo ilivyo."

Nikaacha. Niliingia, nikasikiliza feni, nikatoka kinyumenyume haraka ili mwanga usinifuate ndani, nikafunga, nikainama kubana blanketi. Nilipoinuka, Mama Dominiki alikuwa amesimama jikoni na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mkononi. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na mkwe habishi hodi mara mbili.

"Yesu," akasema.

"Karibu, mkwe wangu." Nilisahau kwamba jicho la kijani bado linawaka usoni.

"Unafanya nini mule?"

"Naangalia."

"Unaangalia nini gizani?"

"Kama wanalala vizuri."

Sentensi hiyo nimeifikiria sana baadaye.

"Nani wanalala?"

"Wa Peguy. Wanne."

"Saa hizi? Mchana?"

"Kwao ni usiku," nikasema. Nilikuwa nimeapa kutotaja bangi, na kusema uongo sikuapa. Kwa hiyo nilimpa ukweli mtupu, neno kwa neno, na ukweli ukanimaliza.

Mama Dominiki aliweka sombe juu ya meza polepole, kama mtu anayeweka kitu mbele ya mbwa asiyemjua, akaondoka bila kuketi. Mkwe akiondoka bila kuketi, ujue ameketi mahali pengine na anaongea.

Kila mtu wa kwetu anajua habari za mulozi, yaani mchawi. Mchana wa watu kwake ni usiku, na usiku wa watu ndio mchana wake. Ana chumba ambacho hakuna anayeingia. Ana watu amewafungia humo, wanalala wakati wengine wanatembea. Ni mzee, na mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi watoto wake wametangulia kufa. Halafu jirani mmoja, muumini wa kwetu, akaongeza kwamba yeye anapotoka kazini usiku anaona mstari wa mwanga mweupe pembeni ya dirisha letu la nyuma, kila siku mpaka asubuhi. Giza mchana kutwa, mwanga usiku kucha. Siwalaumu. Ningeona hivyo kwa mwingine, ningesema ni mulozi kabla hawajamaliza kunihadithia.

Jumapili iliyofuata nilipata benchi nzima peke yangu. Kwa mara ya kwanza tangu tufike Durban nilinyosha miguu kanisani. Dominiki aliimba sauti yake ya chini akiangalia dari.

Halafu Larissa akapiga simu, analia. "Koko, mama mkwe anasema mtoto hutamgusa. Anasema mikono yako… Koko, siwezi hata kusema."

"Usiseme, mama. Utamtikisa mtoto."

"Ni nini kiko kwenye chumba hicho?"

"Muulize Peguy."

Alimuuliza. Peguy alimwambia ni vifaa vya kazi. Jioni nikawaketisha Peguy na Dominiki mezani, nikawaambia: "Vijana, wananiita mulozi. Wananikataza kuogesha mtoto."

Wakasikitika sana. Dominiki alishika kichwa. Peguy alisema, "Eish, Koko, pole kabisa." Kisha Peguy akasema, "Ni wiki mbili tu."

"Wiki mbili za nini?"

"Maua yanakaza sasa. Wakifungua dirisha sasa hivi, yote yanaharibika. Vumilia kidogo. Wewe ni mtu wa subira."

"Koko ana subira kushinda wote," Dominiki akasema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Mtu akikusifia subira yako, shika mfuko wako.

Ningeweza kusimama na kumwambia mama yake: miwili ni ya huyu. Nililipima hilo usingizini na jikoni. Lakini mama yake angewaka, nyumba ingewaka, na Larissa na mimba yake angelala wapi? Basi nikavumilia, kwa kuwa nilikuwa nimeshasifiwa.

Mtoto akazaliwa, msichana, wakamwita Tina. Alipotoka hospitali, Mama Dominiki alimwogesha kwenye beseni la plastiki, amesimama, kama mtu anayeosha viazi. Larissa aliniambia hivyo kwa simu, kwa sauti ya chini, kutoka chooni. Nikalia kidogo, nikapika.

Baada ya hapo Pasta Ladislas aliniita. Ni mtu mpole, mnene, anaogopa ugomvi. Alisema amesikia mengi na hataki kuamini. Jumamosi watakuja, yeye na Mama Dominiki na waombezi wawili, wafungue chumba hicho, waombe. Wakikuta ni safi, nitamwogesha mtoto, na yeye mwenyewe atatangaza. Wakikuta si safi, nitafanyiwa maombi ya kufunguliwa, ambayo yanaweza kuchukua muda.

"Muda gani, Pasta?"

"Inategemea wako wangapi."

Nikajiuliza lipi ni bora. Mwenye bangi anatubu Jumapili moja, anapigiwa makofi, anapewa hata kazi ya kupanga viti. Mulozi hatubu yakaisha. Kila kuku akifa wanamkumbuka. Kwa hiyo nikaamua: waone bangi, mimi nipone. Lakini niliahidi giza, na giza nitawapa.

Jumamosi walikuja saa sita mchana. Aliyewaendesha ni Dominiki. Mama yake hajui gari, na alimwambia atapata faida ya kiroho. Peguy alikuwa kazini. Dominiki alijiegemeza kwenye friji yangu, jasho linamtoka mpaka kwenye kola, na waombezi walipofumba macho kwa sala ya kwanza akaninong'onezea: "Koko, tafadhali, usiwashe."

Pasta Ladislas akasimama mbele ya mlango, akatoa simu yake, akaelekeza kidole kwenye tochi.

"Hapana, Pasta," nikasema. "Kuingia mtaingia. Lakini simu zizimwe, na mlango ufungwe nyuma yenu."

Waombezi wakarudi hatua. Mama Dominiki akasema, "Mnaona? Mnaona? Anataka tuingie gizani!"

"Mama Élisabeth," Pasta akaniambia kwa upole, "Bwana ni nuru."

"Ndiyo, Pasta. Basi huhitaji simu."

Aliangalia mlango, akaangalia blanketi, akaangalia saa. Akasema kwamba, kwa kuwa ni jambo la nyumba, na nyumba ni ya kina mama, ingefaa kina mama watangulie. Waombezi wawili wakakumbuka kwamba wao kazi yao ni kuimba. Akabaki Mama Dominiki. Namsifu hapo: alikuwa anaogopa, na alikuja. Nikatoa taa ya kijani, nikamfungia yeye kwenye paji la uso, kwa heshima.

"Twende, mkwe. Uone mwenyewe."

Tukaingia, nikafunga. Feni ilikuwa inazunguka. Jicho lake la kijani likatembea juu ya majani, likashuka kwenye ndoo, likapanda tena.

"Hii ni bangi," akasema.

"Ndiyo."

"Bangi tu?" Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwenda arusi akapewa maji.

"Bangi tu."

"Hakuna kitu kingine?"

"Iko feni."

Akasogea karibu, akagusa ua moja. "Kwetu tuliwapa kuku wakiumwa kideri," akasema. "Wengine walipona." Halafu akavuta pumzi. Akavuta tena. Nje Pasta alikuwa ameanzisha pambio.

"Hii harufu," akasema.

"Ndiyo harufu yake, mkwe."

"Hapana. Hii harufu naijua. Iko kwenye jaketi la Dominiki. Nilimuuliza. Aliniambia ni kontena la mbolea lilipasuka bandarini."

Nikageukia feni.

"Lilipasuka mara nyingi," akasema.

"Bandari ni kubwa."

"Mkwe. Hii miti ni ya nani?"

"Iko minne," nikasema. "Miwili ni ya Peguy." Na nikaishia hapo. Hesabu ya kutoa alisoma kuliko mimi.

Alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamsikia anapumua. Taa ya kijani ilikuwa inaangalia sakafu.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Nimekusema mulozi kanisa zima, na ulijua, ukanyamaza?"

"Ulikuwa na sauti kubwa, mkwe. Nilikosa nafasi."

Pambio la nje likafika ubeti wa pili. Sauti ya chini ilikuwa inaimba nayo, inatetemeka.

"Wakiona hii, wataanza kuuliza," akasema. "Watamuuliza Peguy, na Peguy hatakubali kulala peke yake jela ya aibu, atamtaja Dominiki. Mtoto wangu anatoka kwaya. Mimi natoka uprezidente."

"Na mimi nitakuwa nimepona."

"Wewe utakuwa umepona," akakubali, kwa uchungu.

Kuna mambo ambayo huwezi kumwambia mkwe usoni. Lakini pale uso haukuwepo. Kulikuwa na sauti mbili na feni. Nikauliza: "Nani anaogesha mtoto?"

"Mkwe, mambo kama haya, na wewe unawaza beseni?"

"Sikuwahi kuwaza kingine."

Akafikiri. "Mimi asubuhi. Wewe jioni."

"Asubuhi ni mimi. Jioni mtoto amechoka, hanyoshwi."

"Basi tupokezane siku."

"Mtoto ana mifupa ya aina moja. Mikono miwili tofauti itamchanganya."

"Wewe ni mgumu," akasema. "Watu wanakuona mpole."

"Mimi nina subira. Naweza kukaa hapa mpaka Pasta amalize nyimbo zote."

Nje wakaanza wimbo mwingine. Mama Dominiki akasimama. "Asubuhi wewe," akasema. "Lakini nikae pale, nione."

"Kaa. Utashika taulo."

Tulipofungua mlango, alitoka yeye kwanza, na jicho lake la kijani likamwakia Pasta machoni. Waombezi wakapiga kelele. Nikavuta mlango nyuma yangu.

"Mmeona nini?" Pasta akauliza.

Dominiki alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Mama yake akamtazama muda mrefu. Halafu akasema: "Pasta, tumekosa. Ni chumba cha maombi."

"Cha maombi?"

"Ingia katika chumba chako cha ndani, ufunge mlango wako. Si imeandikwa? Mkwe wangu ameishika kama ilivyo. Hata mwanga hauingii, asije akaona dunia."

Pasta akafikiri. Uso wake ukafunguka. Nilimwona kabisa anapata mahubiri ya Jumapili. "Na ile harufu?"

"Uvumba," akasema Mama Dominiki bila kupepesa.

Dominiki akapata kikohozi kikubwa, ikabidi apewe maji.

"Haleluya," akasema Pasta Ladislas. "Basi na mimi nibariki." Na ujasiri ukiwa umemrudia, akasukuma mlango, akaingiza mkono na simu, tochi inawaka. Ukuta wote mweupe wa plastiki ukang'aa.

"Zima!" Mama Dominiki akapiga kelele. "Zima taa, Pasta! Unaharibu!"

"Naharibu nini?"

"Maombi!" Akavuta mlango mwenyewe, akapiga goti, akabana blanketi chini vizuri kuliko Peguy.

Jioni Peguy alipopata habari, hakuuliza kama nimepona ulozi. Aliuliza, "Mwanga kiasi gani? Wa simu gani?" Akaingia na kioo cha kukuzia, akakagua ua moja moja, siku baada ya siku, kama daktari wa macho. Akasubiri maua ya kiume. Hayakuja. Walipovuna walikuta mbegu chache kwenye tawi moja la chini, ukubwa wa kiganja cha mtoto, na juu ya mbegu hizo wameshabishana zaidi ya maaskofu. Peguy anasema ni simu ya Pasta. Kiprono anasema simu ya Pasta haiwezi, labda ni tabia ya mti wenyewe. Tena Kiprono alipoingia kusaidia kuvua plastiki alikuta kwenye waya wa feni kijitaa chekundu, kidogo kama kichwa cha kiberiti, kinachowaka daima. Kiliwaka mle ndani tangu siku ya kwanza, usiku wa miti wote, na miti ililala nacho. Peguy alikiangalia sana. Kisha akakifunika na tepu, ndani ya chumba ambacho hakikuwa tena na mti hata mmoja.

Pasta alihubiri kweli, na alinitaja. Benchi langu likajaa tena. Miguu yangu ikarudi mahali pake. Sasa kina mama wanataka kuja kuomba kwenye chumba changu. Nawaambia kinapakwa rangi. Wengine wameziba madirisha yao wenyewe wanaomba gizani saa sita mchana, na mmoja aliangukia stuli akavunjika jino. Nilimpelekea uji.

Na asubuhi Dominiki ananipitia na gari kabla ya kazi. Haongei sana. Ananifungulia mlango wa gari kama kwa bibi harusi. Nikifika, naketi chini kwenye sakafu ya Larissa, nanyosha miguu, wananiwekea Tina juu yake, mwepesi, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Mama Dominiki anakaa kwenye kiti na taulo magotini.

"Maji ni moto."

"Ni ya uvuguvugu, mkwe."

"Weka mkono tena."

Naweka mkono tena. Namwagia. Tina anapiga yowe moja, halafu anasikia mafuta na kuacha. Navuta mkono wa kulia, wa kushoto, miguu. Halafu naweka vidole viwili kwenye pua yake ndogo, nainyosha kuanzia juu kwenda chini, taratibu.

"Usivute sana pua," Mama Dominiki anasema. "Hiyo ni pua ya kwetu."

"Naona, mkwe," nasema. "Ndiyo maana naivuta."